Pwani ya Vietnam kwa treni, kutoka Hanoi mpaka Saigon kwa hela ndogo

Alhamisi, Hanoi

Nimetua asubuhi kupitia Doha. Viza niliomba mtandaoni nikiwa nyumbani, dola 25 ya kuingia mara moja, tangu Agosti 2023 wanatoa kwa raia wa nchi zote na unaweza kupewa mpaka siku 90, kwahiyo mtu wa Tanzania au Kenya hana haja ya kumlipa wakala. Nimeanza na hili kwasababu kila niliyemwambia naenda Vietnam alidhani ni safari ya wenye nazo, na mimi nimekuja na bajeti ya dola 25 mpaka 30 kwa siku, kulala kula na kusafiri vyote humohumo. Mpango ni mmoja tu, kushuka na pwani kwa treni mpaka Saigon (jina rasmi Ho Chi Minh City), na pale panaponivutia nashuka.

Pwani yao ina urefu wa kama kilomita 3,260 na reli inaifuata sehemu kubwa. Reli yenyewe Hanoi mpaka Saigon ni kilomita 1,726, waliimaliza Wafaransa 1936, geji ni ya mita moja kama reli yetu ya zamani ya kati, kwahiyo usitegemee mwendo wa SGR. Inaenda taratibu, na mimi hicho ndo nilichokifuata.

Mambo ya hela: dola moja ni kama dong 26,000, noti ya 20,000 na ya 500,000 zote zina ubluu, ukilipa usiku ziangalie vizuri maana tofauti yake ni zaidi ya dola 18. Laini nimechukua ya Viettel, hawa ndo wenye Halotel ya kwetu, maduka yao yapo kila kona.

Jioni nimeenda stesheni kukata tiketi. Kuna kiti kigumu cha mbao, kiti laini, kitanda cha chumba cha watu sita na cha watu wanne. Mi nimechukua chumba cha sita, kitanda cha chini. Vya juu kabisa ni rahisi zaidi ila huwezi hata kukaa wima, na cha chini unapata dirisha.

Ijumaa, Hanoi na treni ya usiku

Ijumaa nimeswali msikiti wa Al-Noor, mtaa wa Hang Luoc, kwenye mji mkongwe. Ulijengwa na wafanyabiashara Wahindi mwaka 1890. Ni mdogo, mweupe, una utulivu ambao nje ya geti haupo kabisa, maana mtaa mzima ni pikipiki. Baada ya swala watu wanakaa wanaongea na ukitaka kujua wapi pa kula hapo ndo pa kuuliza.

Na kwa Waislamu wenzangu niseme kabisa, nguruwe ipo kila mahali, hata kwenye supu ambayo imeandikwa ng'ombe. Njia mbili zimenisaidia safari nzima: samaki na vitu vya baharini, ambavyo pwani hii vimejaa, na migahawa iliyoandikwa chay, hiyo ni ya Mabudha wasiokula nyama, ipo mpaka vijijini na ni rahisi sana, sahani ya wali na mboga na tofu kama dong 30,000 au 40,000. Tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo watu wengi hula hivyo kwahiyo siku hizo chaguo linakua kubwa zaidi.

Usiku treni. Chumbani nimekuta familia, bibi, mama na mtoto wa kama miaka mitano, bibi kanipa chungwa kabla hata sijaweka begi chini. Tumeongea kwa apu ya kutafsiri kwenye simu, akauliza nina watoto wangapi, mama yangu yupo, nalima nini. Maswali yaleyale ya bibi zetu.

Jumamosi, Hue

Nimeamka nje ni mashamba ya mpunga mpaka mwisho wa macho, wahudumu wanapita na toroli ya uji na kahawa. Hue ilikua makao ya wafalme wa Nguyen kuanzia 1802 mpaka 1945, ngome yao ni kubwa kweli, na sehemu nyingi za ndani zilibomoka kwenye mapigano ya mwaka 1968, hivyo unatembea kutoka jumba lililokarabatiwa kwa dhahabu na rangi nyekundu unaingia uwanja mtupu wenye nyasi na misingi tu. Mi nimekaa zaidi kwenye hizo sehemu tupu. Kiingilio kinauma kidogo kwa bajeti yangu, dong 200,000, ila ni siku ya kuzunguka.

Chakula cha Hue nimekipenda sana, hapa wana mila ndefu ya mapishi ya chay kwasababu mji una mahekalu mengi ya Budha, nimekula vitu sijui hata vimetengenezwaje. Kitanda hosteli, dong 150,000 na kifungua kinywa ndani.

Jumapili, Hue mpaka Da Nang

Kama utapanda treni mara moja tu Vietnam basi panda kipande hiki. Ni kama kilomita 100, saa mbili na nusu mpaka tatu hivi, kiti laini kama dong 100,000, na ukienda kusini KAA KUSHOTO. Baada ya rasi ya Lang Co, maji yametulia na nyumba za wavuvi, treni inaanza kupanda mlima wa Hai Van na hapo reli imechongwa kwenye ubavu wa jabali juu ya bahari, inakata kona mpaka unaona kichwa cha treni kwa mbele kinaingia handaki na we bado upo nyuma, chini ni msitu na vifukwe vya mchanga ambavyo barabara haivifikii. Malori na mabasi tangu 2005 yanapita handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 6 chini ya mlima huo, wenye pikipiki wanapanda njia ya zamani ya juu, na treni peke yake ndo inazunguka upande wa bahari. Behewa zima lilinyamaza, hata vijana waliokua na muziki walizima wakaja dirishani.

Da Nang ni jiji, magorofa, ufukwe mrefu wa My Khe. Wikiendi saa 3 usiku lile daraja la joka, lina mita 666 na lilifunguliwa 2013, linatema moto halafu maji, na ni bure. Familia nzima nzima zimekaa ukingo wa mto na watoto mabegani. Nimekula samaki wa kuchoma pembeni ya barabara kwenye vile viti vidogo vya plastiki, dong 70,000 na wali.

Jumatatu na Jumanne, Hoi An

Nimekuja kwa bodaboda ya apu, kilomita 30 hivi. Kuhusu kukodi pikipiki mwenyewe, hosteli zote watakupa bila kuuliza kitu, lakini Vietnam inatambua leseni ya kimataifa ya udereva ya mkataba wa Vienna wa 1968 na ukipata ajali huna leseni hiyo, bima ya safari hailipi, kwahiyo mi nimetumia baiskeli, treni na miguu.

Mji mkongwe wa Hoi An ni mzuri, kuta za njano, taa za karatasi, daraja la Wajapani ambalo lipo kwenye ile noti ya 20,000. Saa 1 usiku huwezi kupita kwa umati. Nenda saa 12 asubuhi, wenye maduka wanafagia, wazee wanakunywa kahawa, na unaona kwenye kuta alama za mafuriko ya mto Thu Bon, nyingine juu ya kichwa changu, wameandika na mwaka.

Kilichonishika zaidi ni ufukwe wa Cua Dai. Miaka ya nyuma ulikua ndo ufukwe maarufu wa hapa, sasa sehemu kubwa bahari imeula, kuna magunia ya mchanga na kuta za zege, minazi imelala na mizizi nje. Mtu aliyeiona Kunduchi ataelewa mara moja. Nimeongea na mama anauza miwa ya kukamua, kaniwekea mkono kuonyesha duka lake la zamani lilikua wapi, ananionyesha maji. Sikua na la kumwambia. An Bang, kilomita chache kaskazini, bado upo na mchanga mzuri na pale ndo utawaona wavuvi na vile vikapu vya duara vya mianzi vilivyopakwa lami, wanavitumia kufika kwenye mashua kubwa zilizotia nanga, mtu mmoja na kasia moja, anakizungusha kinaenda mbele sijui kwa namna gani ila kinaenda. Mashua zenyewe zimechorwa macho kwenye omo, yale yale ya majahazi ya Lamu.

Jumanne nimeenda My Son, mahekalu ya matofali ya Wachampa, yapo bondeni katikati ya milima. Champa ilikua dola ya watu wa bahari, walitawala pwani hii ya kati kwa karne nyingi kabla Waviet hawajashuka kutoka kaskazini, wakiuza udi na pembe mpaka China na Uarabuni. Mwaka 1969 ndege za Marekani zilipiga bomu hapa, hekalu kubwa kuliko yote likaanguka, mashimo ya mabomu bado yapo na nyasi zimeota ndani. Matofali ya Wachampa hayana udongo wa kushikia unaoonekana, yamekaa utadhani jiwe moja. Mi nimepita Kilwa mara nyingi nikienda Dar, na Kilwa Kisiwani nimeingia, na nilivyokaa pale nikawa nafikiria jinsi watu wa pwani mbili za mbali walivyojenga kwa faida ya biashara ileile ya upepo wa msimu, halafu leo mtalii anapewa saa moja ya kupiga picha anarudishwa kwenye basi. Kuanzia hapo nikabadilisha safari. Nikasema nifuate minara ya Wachampa mpaka nilipoambiwa wenyewe bado wanaishi.

Jumatano mpaka Ijumaa, Quy Nhon

Treni kutoka Da Nang kama masaa sita, unashuka Dieu Tri, kilomita kumi hivi kutoka mjini. Wageni wengi wanapita hapa wamelala, wanaamkia Nha Trang. Jamani shukeni Quy Nhon.

Mji wa kawaida wa wavuvi na wanafunzi, ufukwe umeshika mji mzima na ni wa kila mtu. Saa 11 alfajiri, kabla jua halijachomoza, nusu ya mji ipo baharini. Wazee, mama na mabinti zao, wanaogelea, wanafanya mazoezi kwa muziki, saa 1 asubuhi wameshaondoka kwenda kazini na ufukwe unabaki mtupu. Nimeenda kila asubuhi. Siku ya pili mzee mmoja kanipa ishara nimfuate kuogelea mpaka kwenye boya, ya tatu kaniletea kahawa.

Chakula sasa. Supu ya tambi na vibanzi vya samaki, bun cha ca wanaita, samaki waliotwangwa wakakaangwa, mchuzi wa mifupa ya samaki, dong 30,000, na hapa ni maarufu sana. Na kuna chapati nyembamba ya unga wa mchele inakaangwa na kamba wadogo wabichi, unaifunga na majani, unachovya. Waambie hutaki nyama ya nguruwe, hapa wengi wanaweka kamba peke yake. Ile sosi ya nuoc mam inayowekwa kila kitu ni samaki na chumvi tu, usiogope.

Minara pacha ya Thap Doi ipo katikati ya nyumba za watu, ya karne ya 12, mchana nimekuta wanafunzi wamekaa kivulini wanasoma. Karibu na hapa ndo ulikua mji mkuu wa Champa, Vijaya, ulioanguka mwaka 1471, na baada ya hapo dola ikawa inasukumwa kusini kidogo kidogo.

Ijumaa nimeenda Quy Hoa, hospitali ya wakoma iliyoanzishwa 1929 kwenye ghuba nyuma ya kilima. Mshairi Han Mac Tu alifia hapa 1940 akiwa na miaka 28. Wagonjwa walijengewa kijiji na familia zao, nyumba ndogo ndogo za rangi, bustani, na baadhi ya familia bado wanaishi. Ni ufukwe mzuri kuliko yote niliyoiona na walipewa watu ambao dunia ilikua inawakimbia. Ukienda nenda kwa heshima, usipige watu picha.

Jumamosi, Nha Trang

Masaa manne ya treni. Mahoteli makubwa, bei juu. Minara ya Po Nagar ipo juu ya mdomo wa mto na watu bado wanaabudu, hiyo inafaa. Taasisi ya bahari iliyoanzishwa 1922 ina mifupa ya nyangumi mzima, watoto wataipenda. Usiku mmoja unatosha.

Jumapili na Jumatatu, Phan Rang

Stesheni ya hapa inaitwa Thap Cham na ukishuka tu mnara unauona kilimani, Po Klong Garai, wa mwisho wa karne ya 13 au mwanzo wa 14, zama za mfalme Jaya Simhavarman III. Huyu ndiye aliyemwoa binti mfalme wa Waviet mwaka 1306 akatoa nchi ya kule Hue kama mahari, mwaka uliofuata akafa. Nimekuja kwa treni siku kadhaa kupita nchi yote iliyopotea baada ya harusi ile.

Hili ndo eneo kavu kuliko yote Vietnam. Mashamba ya chumvi meupe mpaka macho yanauma, zabibu, na kondoo, wanachungwa barabarani na kijana mwenye kofia ya majani. Na Wacham, uzao wa hao Wachampa, wapo hapa, makumi ya maelfu. Wapo wenye dini iliyotoka Uhindu na wapo Wabani, ambao dini yao ilitokana na Uislamu wa zamani ulioletwa na biashara ya baharini ukachanganyika na mila. Mwezi wao wa Ramuwan unaendana na Ramadhani, na viongozi wa dini wanaoitwa acar ndo wanakaa msikitini kufunga na kuswali kwa niaba ya ukoo. Nje ya mwezi huo misikiti mingi inakua imefungwa. Wapo pia Wacham wanaofuata Sunni kama sisi na kwao nimeswali adhuhuri. Nilivyosema natoka Afrika Mashariki imamu akaniuliza kuhusu Zanzibar, akaagiza chai, tukakaa, kijana wake anatafsiri kwa Kiingereza cha shule.

Ukoo wao unafuata mama. Binti ndo anarithi nyumba, bwana harusi ndo anahamia kwa mke. Mi ni Mmakonde, nilivyowaambia kwetu nako asili ni hivyohivyo wazee wakafurahi mno wakaanza kuniuliza kama na sisi tunaacha, na ukweli ni kwamba tunaacha, nikawaambia, wakasema vijana wao nao. Lugha yao ipo familia moja na Kimalei na ile ya Madagaska, hivyo watu wa upande ule wa bahari waliwahi kufika mpaka huku kwetu kusini zamani sana. Hiyo nilikua nimeisoma tu, kuisikia inaongewa sebuleni ni kitu kingine.

Jumatatu nimeenda kijiji cha Bau Truc, wanafinyanga vyungu bila gurudumu, chungu kimekaa juu ya kinu na mama anakizunguka yeye, kinyumenyume, mkono umeshika kitambaa chenye maji. Mama wa miaka sabini anatembea kuzunguka chungu kutwa nzima. Vinachomwa wazi kwa kuni na majani ya mpunga. UNESCO waliuandika ufinyanzi huu mwaka 2022 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana mabinti wengi wanakwenda viwandani Saigon. Nunueni kwao, hata kidogo. Mi nimechukua kidogo kinachoingia begini, dong 80,000, na sikuomba punguzo.

Jumanne, Mui Ne

Basi. Vilima vya mchanga vyekundu na vyeupe, upepo mkali, wageni wengi wa michezo ya tiara baharini. Bandari ya wavuvi asubuhi ndo nzuri, mamia ya vikapu vya duara majini na kina mama wanapanga samaki kwa saizi. Phan Thiet jirani wanatengeneza nuoc mam, dagaa na chumvi kwenye mapipa ya mbao mwaka mzima, harufu unaipata toka barabarani.

Jumatano, Saigon

Basi la vitanda, viatu unavua mlangoni wanakupa mfuko wa kuviwekea, masaa matatu hivi kwa barabara mpya ya kasi. Msikiti wa Dong Du wa mwaka 1935, katikati ya magorofa, nyuma yake kuna chakula halali na ni hapo nimekula nyama kwa mara ya kwanza toka Hanoi.

Soko la Ben Thanh nimekuta korosho zimekaangwa na ganda lake jembamba na chumvi, milima ya korosho. Vietnam ndo wanaongoza kuuza korosho zilizobanguliwa duniani na sehemu ya ghafi inatoka kwetu, Mtwara na Lindi, kwenye magunia. Nimesimama pale muda mrefu. Watu walioanza nyuma yetu wamejenga viwanda vya kubangua zao letu, na dada anayeuza alivyojua natoka wapi akaniitia wenzake, akasema za Tanzania ni tamu, kubwa. Najua. Nataka siku moja zifike hapo zikiwa kwenye pakiti zetu.

Hesabu: wastani umekaa chini ya dola 28 kwa siku bila ndege. Kitanda dola 5 mpaka 7, chakula dola 6 au 7, kilichobaki treni na viingilio.

Ukiwa na siku chache, ruka Nha Trang na Mui Ne, gawa siku zako Hue, Quy Nhon na Phan Rang. Tiketi kata kwenye tovuti ya reli yenyewe, dsvn.vn, jina liandike kama lilivyo kwenye pasi. Kuanzia Septemba mpaka Novemba pwani ya kati ina vimbunga na mafuriko na kuna wakati reli hufungwa, na wiki za mwaka mpya wao, Januari mwishoni au Februari, treni zote zimejaa kwahiyo kama huna tiketi mapema usiende. Februari mpaka Mei ndo sawa, ila angalia Ramadhani inaangukia wapi, na kama inaangukia humo basi ifunge Phan Rang.